Hela ya kikundi: mtu wa fimbo au ramani kabla ya kufungua duara (shimo la kuchimbia dhahabu)?

Moko Butu: Wakuu, kuna vikundi vya wachimbaji huku Geita vinamlipa mtu wa fimbo za shaba, anayedai zinageuka penye dhahabu, kabla hata ya kugusa ramani ya miamba ya GST (taasisi ya jiolojia ya Tanzania). Kwangu hela ya wanachama isitoke kwa hilo. Nyaya mbili zilizopindwa zinageuzwa na mkono wa anayezishika, hata bila yeye kujua. Wajerumani walishawapima watu wa fimbo miaka ya 1980, ghalani, bomba la maji likihamishwa chini yao. Karibu wote walikuwa wanabahatisha.

Fundi Shaba: Maji hayo, mkuu, si dhahabu. Na ramani yako ni ya 1:125,000, milimita moja ni mita 125. Mkanda wa dhahabu wa nusu mita utauonea wapi?

Hekta Kumi: Mkanda hauonekani, ila unaonekana mahali pa kuutafuta: mpaka wa mawe ya kijani na matabaka ya chuma, na mwamba ulipokatika. Kinachowaponza wengi ni jipiesi. Ramani za zamani zinatumia vipimo vya Arc 1960, simu inasoma vya WGS84; mahali pamoja, namba tofauti. Ukiingiza namba bila kubadili unasimama karibu mita 300 kaskazini ya ulipokusudia. Leseni ya hekta 10 ikiwa mraba, upande wake ni mita 316. Umeshaingia kwa jirani, halafu unasema ramani ya uongo.

Karai Kavu: Mnabishana na mto uko hapo. Chota kokoto kwenye kona ya ndani, nyuma ya jiwe kubwa, na kwenye nyufa za mwamba chini. Mchanga wa juu achana nao. Kila sampuli ndoo ya lita 10, ileile, la sivyo hesabu haina maana. Osha, hesabu chembe za dhahabu, panda na mto mita 200, rudia. Mito ikikutana, pima mkono wa kulia na wa kushoto. Chembe zikikatika ghafla, rudi nyuma kidogo, kisha panda mlima kwa vishimo vya kila mita 10. Chembe yenye makwaruzo na jiwe jeupe bado limeng'ang'ania haijatoka mbali. Bapa na laini imesafiri. Ikiwa ni unga tu, tia zebaki kidogo ikusanye.

Dada wa Mwalo: Zebaki kwenye karai la KUPIMIA? Si ndiyo umefuta hayo makwaruzo uliyotufundisha sasa hivi? Chembe zote zinakuwa donge moja. Na karai likishashika zebaki, sampuli inayofuata nayo imeharibika. Mchanga mweusi unaondolewa kwa sumaku iliyovishwa nailoni.

Karai Kavu: Dada, kwenye mwalo wako (ubao wa kuoshea) unga unaukamata kwa kitu gani, kwa dua?

Dada wa Mwalo: Kwa kuosha taratibu, kaka. Na hilo donge karibu nusu yake ni zebaki, mnalichomea jikoni, mvuke anavuta mtoto. Nchi imeridhia Minamata, mkataba wa kupunguza zebaki, tangu 2020.

Karai Kavu: Minamata hailishi mtu.

Hekta Kumi: Basi chomea kwenye ritoti, chombo kilichofungwa chenye bomba, mvuke upoe urudi kuwa zebaki uitumie tena. Zebaki inachemka nyuzi 357, moto wa mkaa unatosha. Kifuniko kisipokaza ni bure.

Moko Butu: Jamani, fimbo! Fukieni madebe kumi, moja lina jiwe lenye dhahabu, aliyefukia aondoke kabisa. Mtu wa fimbo achague, mrudie mara 20. Akipata mawili matatu, hiyo ni bahati.

Fundi Shaba: Dhahabu iliyong'olewa haitoi nguvu. Inatakiwa iliyolala kwenye mwamba wake.

Moko Butu: Mbona fimbo hizo hizo hupimwa kwa pete ya mteja kabla ya kazi kuanza?

Fundi Shaba: Pete ni ya kuamsha fimbo. Wewe hujui.

Karai Kavu: Hiyo ritoti Katoro inapatikana, au nichomelee mwenyewe kwa bomba la chuma?

Dada wa Mwalo: La chuma, sawa. Bomba la mabati usiguse, zinki yake nayo ni moshi mwingine.