Nina leseni ya tela lakini kila kampuni inanikataa: nirekebishe nini?

Gia_ya_Kwanza
Wakuu, habari zenu. Leseni ya tela nimeipata miezi mitano iliyopita na hadi leo sijapata kazi. Nimeomba kampuni sita. Nne zilisema zinataka uzoefu wa miaka miwili, moja haikujibu, na ya sita iliniita kwenye majaribio ikanikataa siku hiyo hiyo. Nilishindwa kurudi nyuma, na kwenye ukaguzi wa gari waliandika "haujakamilika". Naombeni ushauri wa vitendo.

Mzee_wa_Yadi
Pole, mkuu. Zile nne na ile ya sita zimekukataa kwa sababu mbili tofauti, usizitibu kwa dawa moja.

Sharti la miaka miwili mara nyingi halitoki kwa meneja, linatoka kwa bima ya kampuni. Bima ikidai uzoefu fulani, meneja hata akupende vipi hawezi kukupa funguo. Kwa hiyo kabla ya kupeleka barua getini, piga simu uulize: "Bima yenu inataka miezi mingapi, na kazi ya lori lisilo na tela inahesabiwa?" Wakisema 24, shukuru uende kwingine. Wakisema 6 au 12, hapo una kitu cha kufuata.

Miezi hiyo unaipata kwenye tipa, lori la taka, gari la kusambaza bidhaa, au kazi ya kuhamisha matela ndani ya yadi. Hiyo ya yadi wengi wanaidharau, na wanakosea: huko unarudi nyuma mara nyingi kwa siku kuliko dereva wa safari ndefu kwa wiki nzima. Uliza tu mapema kama bima inaihesabu, maana si barabara kuu. Na ukiondoka, chukua barua inayotaja aina ya gari, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Bila tarehe hakuna atakayeihesabu.

Upepo_Kamili
Nigusie ukaguzi. "Haujakamilika" karibu kila mara ni breki za upepo. Watu wanapiga matairi teke, wanawasha taa, wanatazama oili, basi. Mkaguzi anangoja uangalie geji ya upepo.

Weka vigingi kwenye magurudumu, jaza upepo mpaka kompresa ikate, kisha zima injini. Washa swichi bila kuwasha injini, achia breki za maegesho, kanyaga pedali ya breki uishikilie dakika 1 ukitazama geji. Kipimo kinachofundishwa Marekani ni kwamba kichwa (gari la mbele linalovuta) na tela lake visipoteze zaidi ya psi 4 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) katika dakika hiyo. Kitabu cha nchi yako kikitaja namba nyingine, fuata hicho. Ikishuka zaidi, kuna uvujaji: sikiliza kwenye viungio vya mipira kati ya kichwa na tela, maana raba za pale huchakaa mapema. Halafu pampu pedali taratibu upepo upungue. Taa au kengele ya onyo lazima iwake kabla geji haijashuka chini ya psi 55, karibu bar 4. Endelea kupampu mpaka breki za maegesho zijifunge zenyewe.

Kila hatua itamke kwa sauti: unagusa nini, unatafuta nini. Ukikagua kimya, mkaguzi hana cha kuandika.

Gia_ya_Kwanza
Asante sana mkuu, hilo la geji sikulifanya kabisa. Na kurudi nyuma je? Tela lilijikunja nikazidi kuchanganyikiwa. Pia niliwahi kugonga nguzo kwa gari dogo, polisi waliandika. Niseme au ninyamaze?

Sahani_na_Pini
Tela hujikunja kwa sababu unazungusha usukani mwingi halafu unachelewa kuurudisha. Ukitaka nyuma ya tela iende kushoto, usukani unaanza kulia. Likianza tu kugeuka, rudisha usukani ulifuate; usingoje pembe iwe kali. Tela refu linachelewa kuitikia, fupi linaitikia haraka, kwa hiyo zungusha kidogo, subiri, tazama vioo vyote viwili, ndipo uongeze.

Kazi kubwa iko kabla hujarudi hata mita moja. Sogea mbele mpaka uwe na nafasi, na ukiruhusiwa kuchagua, rudi kwa upande wa dereva ili uone kona ya nyuma ya tela. Pembe ikikushinda, simama, vuta mbele unyooshe, anza upya. Kusimama na kushuka kutazama hakukufelishi kama kugonga koni. Lipia saa mbili tatu kwenye chuo cha udereva, panga koni upana wa mita 3.6 ufanyie mazoezi. Tela lina kama mita 2.6, kwa hiyo kila upande unabaki na nusu mita.

Kwenye kuunganisha, tazama urefu kwanza. Tela liwe chini kidogo kiasi cha sahani (bamba la nyuma ya kichwa linaloshika tela) kulibeba. Likiwa juu, pini (chuma kilicho chini ya tela kinachoingia kwenye sahani) inaweza kupita juu ya meno ya kufuli; utadhani limeshika, na ukiondoka linaanguka. Baada ya kuvuta kidogo mbele huku breki za tela zimefungwa, shuka na tochi: kusiwe na mwanga kati ya sahani na tela, na meno yawe yameishika shingo ya pini. Miguu ya tela ipandishe baada ya hapo, si kabla.

Dada_Ratiba
Mdogo wangu, la nguzo ukiulizwa liseme. Wataomba rekodi yako ya udereva, na ajali ikionekana huko baada ya wewe kuificha, umekataliwa kwa uongo. Mbaya zaidi, ukiajiriwa kwa maelezo ya uongo, bima inaweza kugoma kulipa siku ya ajali. Sentensi mbili zinatosha: tarehe, kilichotokea, unachofanya tofauti sasa. Chukua nakala ya rekodi hiyo mwenyewe kwanza, wakati mwingine ina makosa.

Tazama pia leseni yako. Nchi nyingi, ukitahiniwa kwa gari la otomatiki, leseni inaweza kukufunga kwenye otomatiki tu. Na ujue sheria ya kupumzika ya unakoomba kazi, wanaiuliza sana: Ulaya ni dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu, Marekani dakika 30 baada ya saa 8.

Ile kampuni ya sita usiiache. Ndiyo pekee iliyokubali kukujaribu, maana yake bima yao haikuzuii. Fanya mazoezi, kisha wapigie mtu yule yule aliyekujaribu. Mtajie ulichokosea na ulichofanyia mazoezi, umuombe jaribio la pili. Muulize gari la majaribio ni la manuali au otomatiki na tela lina urefu gani, ili chuoni uombe linalofanana nalo.