Nimepewa dakika 10 kikao cha wazazi niongelee usonji, nisemeje?

MamaJ_Moro

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, hasa wenye watoto wenye usonji (autism) na walimu.

Mwanangu ana miaka 7, yuko darasa la kwanza shule ya serikali hapa Morogoro. Aligundulika akiwa na miaka 4 baada ya kuzunguka saaana, kwa waganga tumefika, maombi tumefunga, mpaka shangazi yake akaleta mzee wa kumkata ule uzi wa chini ya ulimi eti ndo unamzuia kuongea (hapo niligoma kabisa). Sahivi anaongea ila kwa namna yake, ukimuuliza "umekula?" na yeye anakujibu "umekula?". Alafu anaiga makonda, akiwa mwenyewe utamsikia Msamvu Msamvu Msamvu, siti zipo, siti zipo, hata nusu saa.

Sasa wiki mbili zilizopita kengele iligongwa, si mnazijua kengele zetu, rimu ya gari imening'inizwa kwenye mwembe inapigwa na nondo, na darasa lao ndo liko jirani na huo mwembe. Mtoto akaziba masikio akatoka nduki, akamkumba binti mmoja mlangoni akaanguka akachanika mdomo. Mama yake alikuja amefura na simlaumu, mtoto anatoka damu utacheka? Ila aliongea mbele za watu kwamba shule sio ya vichaa, wenye mashetani wakawatoe kwanza. Nililia njia nzima.

Mwalimu mkuu ni muelewa, kasema kikao cha Jumamosi ijayo atanipa dk 10. Nimekubali sijui hata kwanini. Nimeandika kurasa 6, kwamba Aprili 2 ndo siku ya usonji duniani, Umoja wa Mataifa waliipitisha 2007, na kadhalika. Nikijisomea mwenyewe nasinzia. Nianzie wapi? Na nimtaje mwanangu au niongee kijumla?

Mwl_Kitengo

Pole mama J na hongera. Mimi ni mwalimu wa elimu maalum, nimesoma chuo cha Patandi, mwaka wa 11 huu niko kwenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum. Hizo kurasa 6 zikunje weka kwenye pochi usizitoe. Mzazi aliyefunga genge lake aje kwenye kikao hana haja ya Umoja wa Mataifa, anataka kujua mwanae atakumbwa tena mlangoni au la.

Anza na kengele hiyohiyo. Waambie mimi na wewe tukisikia ile nondo tunajua tu muda wa uji umefika, yeye inamuingia kama mtu kakupigia sufuria sikioni ukiwa umelala. Hakumpiga yule binti, alikua anakimbia sauti. Alafu omba radhi hapohapo kwa yule mama, bila "lakini". Ukishaomba radhi watu wanafungua masikio.

Baada ya hapo mambo matatu tu, hauambukizi, haujatokana na malezi wala kulogwa, na dawa ya kuuondoa hakuna ila mtoto anafundishika. Basi. Ukitaka namba moja, shirika la afya duniani walishakadiria kama mtoto 1 kati ya 100, sasa shule yenye watoto 1,000 piga mwenyewe hesabu, wako hawezi kuwa peke yake, wengine wanachapwa viboko kila siku wanaitwa watukutu au mabubu.

Na usiishie kwa wazazi, omba dk 5 mstarini asubuhi. Watoto wanaelewa haraka kuliko sisi. Mimi hua nawaambia vitu viwili tu, usimshike kwa nyuma, na ukimuuliza kitu hesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujarudia swali. Darasa la pili wanayashika hayo, walimu wenzangu ndo kazi 😂 ila nao nawaelewa, una watoto 130 chumba kimoja na hakuna aliyekufundisha usonji chuoni, utafanyaje.

Kingine, kulikua na kijana wetu anaogopa kengele hivyohivyo, tukampa yeye kazi ya kugonga. Akishika nondo mwenyewe anajua sauti inakuja lini. Ikaisha.

Jabali la Kale

Enzi zetu mbona hivi vitu havikuwepo? Tulichapwa tukanyooka. Haya yamekuja na machanjo yenu na simu.

dogo_mtafiti

@Jabali la Kale mzee wangu shikamoo ila hapo hapana. Watoto wa hivi daktari Leo Kanner kule Marekani aliwaandikia makala tangu mwaka 1943, simu janja ilikua wapi? Na hiyo ya chanjo ilitoka kwa daktari mmoja Uingereza, Wakefield, 1998, jarida lililomchapisha likaja kuifuta ile makala 2010 na udaktari akanyang'anywa mwaka huohuo. Enzi zenu walikuwepo mzee, kumbuka vizuri mtaani kwenu kulikua na nyumba ina mtoto hatoki nje na wageni wakija anafungiwa chumba cha uani.

Jabali la Kale

Marahaba. Hilo la chumba cha uani ni kweli, alikuwepo mtoto wa jirani. Basi sina neno.

Mamake Zu

Dadangu nakuandikia kutoka Mombasa, wangu ni binti wa miaka 12. Mwalimu amesema vyema lakini hilo la kumtaja mtoto hakuligusa, na mimi nasema jihadhari. Nilisimama mkutanoni nikasema waziwazi binti yangu ana tawahudi (huku wengi twasema hivyo), na ndani ya wiki moja lile neno likawa ndilo jina lake. Watoto wampita wamwita "tawahudi, tawahudi njoo". Nilijuta. Kwa hivyo sema analofanya na lipi la kumsaidia, na neno lenyewe ulitaje mara moja tu, usiligandishe na jina lake.

Na shule ni nusu ya kazi. Kwetu madrasa ndiyo iliyonishangaza. Ustadhi alikuja nyumbani kabla hajampokea, akakaa barazani akauliza apenda nini, achukia nini, akampa nafasi ya ukingoni karibu na mlango, akitaka kutoka atoka kimya arudi kimya. Leo ana sura kumi na tatu kifuani, na mazungumzo ya kawaida hata maji hawezi kukuomba, akushika mkono tu akupeleka kwenye mtungi.

boda wa kihonda

mi sio mzazi ni boda ila hii imenigusa, nampelekaga mtoto kama huyo shule kila siku asubuhi na njia ni ileile moja tu. Siku hiyo wamechimba barabara nikakatisha kwa nyuma ya soko, dogo akaanza kupiga mayowe anajirusha nikasimama nimdhibiti asidondoke, watu si wakajaa, huyu mwizi wa watoto, mmoja keshaokota jiwe. Kilichoniokoa ni mama muuza vitumbua anayemjua dogo, akapiga kelele mwacheni huyo anampeleka shule. Nilitetemeka siku nzima sikupiga kazi. Kwa hiyo dada waambie na boda na wauza maduka wa hapo mtaani, sio wazazi tu. Siku hizi njia ikibadilika namwambia kabla hatujaondoka, leo tunapita sokoni leo tunapita sokoni, mara tatu nne, anatulia

Mwl_Kitengo

@Mamake Zu nimekuelewa, hilo la jina sikulifikiria. Mama J msikilize huyu.

@boda wewe ungefaa kitengoni kwetu.

MamaJ_Moro

MREJESHO

Samahanini nilikua kimya, kikao kimeshapita. Karatasi nilikua nazo mkononi lakini sikuzisoma, nilitetemeka sauti haitoki, nikaanza na kengele kama mwalimu alivyosema. Jina la mtoto sikulitaja ila wote wanamjua so sijui ilisaidia nini. Nilimuomba radhi yule mama. Hakujibu kitu, aliangalia chini. Baba mmoja kasimama akasema tumuombee tu mtoto, nikamwambia amina, na mkimaliza kuombea naomba msimkimbize akiziba masikio. Watu wakacheka kidogo. Wakati tunatoka yule mama akanifuata getini akaniuliza "na radi je, nayo anaiogopa?" Nikamwambia sana. Akasema binti yake pia anaogopa radi. Akaenda zake.

Darasa wamelihamishia upande wa pili, mbali na mwembe. Mwalimu mkuu alikubali na ile ya kumpa nondo, jana ndo ilikua mara ya kwanza. Kagonga. Kaendelea kugonga, mwalimu wa zamu anasema kahesabu arobaini na kitu shule nzima imetoka nje inajua kuna moto, na yeye hapo chini ya mwembe anaita Msamvu Msamvu Msamvu. Leo wamekubaliana anagonga mara tano, na mtoto wa darasa la sita anasimama pembeni anamhesabia.