Mama mzee amemwagiwa maji mbele yetu sote kwa kupungukiwa faranga 100

MWENYE UZI:
Ndugu wa Goma, ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Jina lake silitaji, kwa sababu kila anayeteka maji huku Ndosho anamjua yule msimamizi wa bomba la umma, mwenye kiti cha plastiki na daftari, anayelilinda bomba kana kwamba Ziwa Kivu alilichimba yeye kwa vidole vyake. Asubuhi ya leo mama mzee amefika na bidoni ya lita 20, akatoa faranga 100 kama kawaida, akaambiwa kwamba tangu jana bei ni 200. Hakukuwa na tangazo, karatasi wala mkutano wa mtaa. Mama alipoomba alete iliyobaki jioni, bwana huyo aliinamisha bidoni iliyokwisha kujaa, akayamwaga maji yote juu ya mawe ya volkano.

Aliyamwaga. Angeweza kuandika deni katika daftari lake, angeweza kumpa aliyefuata kwenye foleni, lakini aliyamwaga, na mawe ya Nyiragongo yakayanywa kabla mama hajapata hata neno la kusema.

Asiye na faranga 200 huteremka ziwani na bidoni yake, na aliyeiona Goma ya Julai 1994 hahitaji kuelezwa kipindupindu ni nini. Bomba la umma liliwekwa ili mwenye kipato kidogo asilipe sawa na anayeletewa maji kwa chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, hadi mlangoni. Bei na iandikwe ukutani kwa rangi, ili asiibadilishe mtu mmoja usiku. Hata hivyo sitasahau kwamba maji yale yalikuwa safi, yalikuwa yamekwisha kutekwa, naye aliyamwaga!

MAJENGO_JUU:
Tunamjua sana. Siku moja alifunga bomba akaenda harusini na ufunguo mfukoni, mtaa mzima ukapikia maji ya mvua. Anayempa kazi hiyo ndiye wa kuulizwa.

KIJANA_KATINDO:
Mwenye uzi, katika foleni nzima hamkupatikana mtu wa kumwongezea mama huyo faranga 100? Ulisimama ukatazama, na sasa unatuhutubia. Hasira hiyo ingetoka mfukoni mapema, mama angekuwa amekwisha kupika.

MWENYE UZI:
Ndugu, tulimchangia palepale na akateka nyingine. Lakini tulichangia baada ya maji kumwagwa, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kuyamwaga.

MTU_WA_SHERIA:
Ibara ya 48 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 nayo ilifungua mlango kwa waendeshaji wengine mbali na kampuni ya serikali. Kwa hiyo muulizeni kiongozi wa mtaa ni nani anayeendesha bomba hilo, na ni nani aliyeidhinisha bei mpya.

MAMA_MABANGA:
Asante kwa kutaja umeme, kwa maana maji angalau unayaona yakimwagwa. Mimi ninanunua umeme asubuhi, na kabla ya jioni mita imekwisha kuumaliza, ilhali nyumbani kuna taa mbili na redio tu. Nikilalamika ninaambiwa nina friji niliyoificha.

BABA_WA_WATANO:
Mama, afadhali wewe na mita yako. Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure mwaka wa shule wa 2019, na Ibara ya 43 ilikwisha kusema hivyo zamani. Juzi mtoto wangu amerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa chaki.

MAMA_MABANGA:
Kwetu wanaomba mchango wa mlinzi, na shule yenyewe haina hata lango.

BABA_WA_WATANO:
Tafadhali nitajie ni shule ya upande gani. Kama ni ile ya karibu na soko, huyo mkurugenzi tunamfahamu sote, na anastahili uzi wake mwenyewe.