Eti nilitakiwa nimuulize daktari wa nusu kaputi kama anapokea bima yangu, NIKIWA MEZANI NASUBIRI KISU!

Mdigo wa Columbus (mwanzisha uzi)

Wakuu, mikono inatetemeka, mnisamehe makosa ya herufi. Simu nimeikata dakika kumi zilizopita.

Siwataji hao wa bili. Mnawajua. Yeyote wa hapa Ohio aliyewahi kupokea ile bahasha ya kidirisha anawajua. Ni hao hao wenye kile kinanda kinachokukwaruza sikio dakika hamsini, halafu simu inakatika yenyewe.

Mwezi wa pili, usiku wa manane, kidole tumbo kilinishika nikajikunja kama jongoo. Mke wangu, huku mimi nalia sakafuni, akashika simu kutafuta hospitali yenye mkataba na bima yetu. Tukaiacha iliyo karibu dakika sita, tukaenda ya dakika ishirini na tano, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwemo kwenye orodha. Mapokezi nikatoa kadi, wakaiangalia, wakasema wanaipokea. Nikapasuliwa, nikapona, nikarudi ghalani kubeba maboksi. Sehemu yangu nikalipa yote bila kunung'unika.

Leo bahasha. Dola 4,870. Za mtu mmoja! Daktari wa nusu kaputi. Kumbe yule bwana yumo ndani ya hospitali, kavaa kofia ya hospitali, anadunga dawa ya hospitali, ila yeye mwenyewe hana mkataba na bima yangu. Yaani upande basi la Tanga, tiketi umelipa, ukifika Segera dereva anageuka anakudai nauli yake peke yake kwa sababu yeye si wa kampuni.

Nikapiga simu. Sikieni alichonijibu yule dada, kwa sauti laini kama anambembeleza mtoto: "Bwana, ulikuwa na haki ya kumuuliza daktari kabla hajakupa dawa ya usingizi."

NIMUULIZE. Nimelala chali sina nguo, dripu mkononi, taa ya jua zima machoni, mtu kajifunika uso yamebaki macho tu, ananiambia nihesabu kuanzia kumi kurudi nyuma. Nilifika saba. Sasa ni kwenye tisa au kwenye nane nilipotakiwa niseme "samahani daktari, wewe una mkataba na bima gani?" Mbuzi wa Vingunguti anachinjwa wala hadaiwi pesa ya kisu!

Nikamwambia dada, mimi nilikuwa kwenye dawa. Akasema kuna fomu nilisaini. Ile niliyowekewa kifuani saa tisa usiku natapika? Saa ile ningesaini hata kuuza minazi ya babu yote ya Pongwe.

Hizo pesa ni za bati za nyumba ya mama. Bati za nyumba ya mama, wakuu! NIMUULIZE!

Kofia ya Lamu

Pole mkuu. Ila wewe una kichwa kigumu, umefika saba? Mimi niliishia tisa.

Mama Wawili

Kaka yangu, umepasuliwa mwezi wa pili, leo mwezi wa saba ndiyo unapiga kelele. Bahasha unafungua kwa msimu kama korosho?

Mdigo wa Columbus

Dada, imekuja LEO. Soma uzi. Na hapa suala si bahasha, suala ni kuambiwa nimuulize mtu aliyeshika sindano ya kunilaza.

Karani wa Bili

Kaka, shusha pumzi. Mimi nimeandika bili za hospitali miaka tisa hapa hapa Marekani, naongea ninachokijua. Usilipe hata senti kwanza.

Kuna sheria ya nchi nzima inayofanya kazi tangu tarehe 1 Januari 2022, inakataza hasa hiki ulichofanyiwa. Ulikwenda kwa dharura, tena hospitali yenye mkataba, kwa hiyo yule wa nusu kaputi anakudai kama vile naye ana mkataba, basi. Hiyo nyingine akagombane na bima. Na fomu isikutishe. Daktari wa usingizi, wa eksirei au wa maabara kwenye hospitali yenye mkataba haruhusiwi kabisa kukusainisha uache hiyo kinga. Hata ungesaini ukiwa mzima umekunywa chai.

Tafuta barua ya bima, ile imeandikwa juu "hii si bili". Ndani kuna kiasi ambacho ni chako wewe. Kikitofautiana na cha kwenye bahasha, piga simu bima, halafu peleka malalamiko serikali kuu kwa maandishi. Ila niambie, bima yako ni ya kazini? Zile za muda mfupi zinazouzwa kwa simu hazimo kwenye sheria hii.

Mdigo wa Columbus

Ya kazini. Ubarikiwe sana, mkuu. Lakini kama sheria ipo, kwa nini waniandikie mimi? Na yule dada anajua sheria ipo, halafu ananiambia NIMUULIZE?

Karani wa Bili

Wanaandika kwa sababu wapo wanaolipa. Watu wanaogopa wakusanya madeni, wanatoa kadi ya benki wanalipa. Mimi nimeona wazee wakilipa bili ambazo hazikuwa zao kisheria, na hilo ndilo lililonitoa kwenye ile ofisi.

Kofia ya Lamu

Na hiyo ya wao kugombana na bima inakwendaje? Wanapelekana mahakamani?

Karani wa Bili

Wanakaa siku 30 za kazi wakijadiliana. Wakishindwana, kila upande una siku 4 za kazi za kufungua mgogoro kwa mwamuzi wa nje. Kila mmoja anaandika bei yake moja, na mwamuzi lazima achague moja kati ya hizo mbili. Katikati hakuna. Aliyeshindwa anamlipa mwamuzi. Serikali ilitarajia kesi elfu kumi na kitu kwa mwaka, mwaka 2023 peke yake zilifunguliwa zaidi ya 600,000, na madaktari ndio wanaoshinda nyingi.

Kofia ya Lamu

Lo! Ingekuwa mahari, huku wanasema ng'ombe watatu, kule kumi na watano, na mshenga hana ruhusa ya kusema tisa. Ndoa ngapi zingefungwa pwani?

Mama Wawili

Na wakishinda madaktari, bima inazitoa wapi hizo pesa? Mwakani makato ya mshahara yanapanda, tunalipa sisi sisi.

Dereva wa Usiku

Nyie mna raha, mnalilia nusu kaputi. Mimi mwanangu alibanwa na pumu nikaita gari la wagonjwa. Maili nne. DOLA 1,900. Na gari lenyewe halina mkataba na bima. Karani, hiyo sheria yako inasemaje hapa?

Karani wa Bili

Hapo pole, ndugu yangu. Sheria hiyo inakinga helikopta na ndege za wagonjwa. Magari ya barabarani waliyaacha nje. Angalia sheria za jimbo lako, baadhi ya majimbo yamejitungia yao.

Dereva wa Usiku

Kwa hiyo kosa langu ni kutoita helikopta?? Maili nne! Pumu!

Mama Wawili

Mimi mwaka juzi tulimpeleka mama mkwe kwa teksi anakohoa damu, yeye mwenyewe kakataa gari la wagonjwa. Alijua bei.

Mgeni wa Juzi

Shikamooni wakubwa. Mimi bima sina kabisa, nina miezi minne hapa, na nina uvimbe inabidi utolewe. Nifanyeje?

Karani wa Bili

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya siku ya upasuaji dai makadirio ya gharama kwa maandishi, ni haki yako. Bili ya mtoa huduma ikizidi makadirio yake kwa dola 400 au zaidi, una siku 120 tangu tarehe ya bili kufungua mgogoro, ada dola 25. Karatasi ya makadirio itunze kama pasipoti.

Mzawa Tandika

Mnalia huko mlikokimbilia. Huku Machi 2024 hospitali binafsi ziligoma kupokea kadi za NHIF, bima ya afya ya taifa, kwa ugomvi wa bei, wagonjwa wakasimama mapokezi na kadi zao kama picha za harusi. Hakuna cha mwamuzi.

Mkamba Minneapolis

Watanzania angalau mlijua mnagombana na nani. Sisi Kenya Oktoba 2024 tulitolewa NHIF yetu tukaingizwa SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, mwezi mzima nyumbani watu wanauliza wako kwa gani. Na mjomba wangu alipofariki, hospitali moja, siitaji, ilikataa kuachilia mwili hadi tuchange bili.

Mzawa Tandika

Walikaa na mwili? Siku ngapi?

Mkamba Minneapolis

Kumi na moja. Na mochwari nayo inahesabu kwa siku.

Mdigo wa Columbus

Wakuu, turudi kwenye mada. Barua ya bima nimeipata, imeandikwa sehemu yangu ni dola 212. DOLA 212! Na yule dada ananiambia nimuulize daktari nikiwa nimefika saba!

Dereva wa Usiku

Saba tumeisikia, mkuu. Mkamba, hebu malizia. Mlichangaje?

Mkamba Minneapolis

Tulifungua kundi la simu la ukoo. Watu 140. Waliochanga ni 19, na shangazi mmoja akaondoka kundini usiku.

Mama Wawili

Huyo shangazi kila ukoo anaye. Wetu anaishi Tabata.