Naomba ushauri: nashuku samaki wamewekwa fomalini, nimfikishe vipi muuzaji mahakamani?

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni msaada, hasa wanasheria na maafisa afya mliomo humu.

Nina mgahawa mdogo hapa Dar. Samaki aina ya changu ninaoletewa na muuzaji mmoja siku hizi siwaelewi: wanakaa hadi mchana nzi hawatui, nyama inabaki imekaza kama mpira hata ikipikwa, na ukipasua tumbo inatoka harufu kali ya kuchoma macho. Nahisi ni fomalini, ile ya kuhifadhia maiti. Nilipomuuliza akawa mkali. Wawili nimewafungia kwenye friza. Risiti hakuna, tunaandikiana kwenye daftari tu, ila malipo ya simu yapo. Kuhamia kwa muuzaji mwingine ni rahisi, lakini huyu ataendelea kulisha watoto wa watu.

Najua usalama wa chakula ulihama kutoka TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa) kwenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania) mwaka 2019, ila mtaani kuna bwana afya, na afisa uvuvi naye yupo. Nianzie kwa nani kesi isifie njiani? Na mahakama itapokea sampuli niliyoitunza mwenyewe, au lazima mkaguzi aichukue kwa muuzaji na kuipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali?

Natanguliza shukrani.