MJADALA: Mradi wa programu huria ulioshikwa na kampuni moja, upewe hadhi ya "umekomaa"?

Fundi Mtambo (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Kuna sentensi moja inayofunga mijadala yetu kabla haijaanza: "Huo mradi umeshahitimu, hauna shida." Mtu akishaitamka, hakuna anayejisumbua kufungua hata faili la watunzaji, yaani wanaousimamia msimbo na kuutolea matoleo, aone ni akina nani. Leo naomba tuichambue.

Kwa wasiofuatilia: CNCF, taasisi ya programu huria za mifumo ya wingu iliyoanzishwa 2015 chini ya Linux Foundation, huipanga miradi yake katika ngazi tatu, yaani majaribio, malezi na kuhitimu. Kubernetes, programu ya kuendesha programu nyingine kwenye seva nyingi, ndiyo iliyotangulia kuhitimu, Machi 2018. Ili mradi upande, kamati ya ufundi huupigia kura baada ya kukagua nani anautumia kwenye kazi halisi, utawala wake umeandikwa wapi, kama usalama umekaguliwa na mtu wa nje, kama kanuni za maadili zipo. Kwa miaka mingi lilikuwepo pia sharti la watunzaji kutoka mashirika yasiyopungua mawili. Apache, taasisi nyingine ya programu huria, nao wana njia yao tangu 2002: mradi mpya unaingia Incubator, ngazi yao ya malezi, unalelewa na wakongwe, na hautoki mpaka uoneshe kwamba jumuiya yake inaweza kujiendesha.

Sina ugomvi na kuwepo kwa ngazi. Tatizo langu ni kwamba ngazi hizi zinapima mambo mengi kwa mpigo, kisha zinayafunika yote kwa neno moja, na swali lenye uzito kuliko yote linapotelea humo: kampuni kubwa ikiondoka au ikibadili mawazo kesho, funguo ziko mkononi mwa nani?

Angalieni Februari 2024. Miradi miwili, yote imehitimu CNCF. Wa kwanza ni Flux, zana ya kusambaza mabadiliko kwenye Kubernetes, uliohitimu Novemba 2022. Kampuni iliyouanzisha, Weaveworks, ilifunga milango mwezi huo. Watunzaji wakapata ajira kwingine, matoleo yakaendelea kutoka, na mtumiaji wa kawaida hakulazimika kuhama. Wa pili ni Linkerd, programu ya kuongoza na kulinda mawasiliano kati ya huduma, uliohitimu Julai 2021. Mwezi uleule Buoyant, kampuni inayowaajiri watunzaji wake wakuu, ikatangaza kwamba mradi hautatoa tena matoleo imara yaliyo tayari kutumika. Msimbo ungebaki wazi chini ya leseni ileile, na matoleo ya majaribio ya mara kwa mara yangeendelea, lakini anayetaka toleo imara alichukue kwa kampuni. Na kama ana wafanyakazi zaidi ya hamsini na analitumia kwenye kazi halisi, alipe.

Hakuna kanuni iliyovunjwa hapo, na Linkerd haikupoteza hadhi yake. Mwezi mmoja, beji moja ya kuhitimu, maana mbili tofauti kabisa kwa mtu aliyejenga mfumo wake juu yake.

Pendekezo langu ni hili. Kigezo cha kwanza cha ukomavu kiwe funguo: nani anamiliki alama ya biashara, nani ameshika jina la tovuti, ni watu wangapi wanaoweza kuchapisha toleo, na wanalipwa na nani. Kisha hadhi ipimwe upya kila baada ya muda, na iwezekane kushuka. Siku hizi ni kama mradi una milango miwili tu: kupanda, au kupelekwa makumbusho.

Karibuni, pingeni.

Mzee Kaneli

Napinga, na sihitaji mifano mingi. SQLite.

Hifadhidata hiyo ndogo ipo tangu 2000. Imo ndani ya karibu kila simu na kila kivinjari. Wanaoiandika ni kikundi cha watu wachache sana, na wenyewe wanasema wazi kwamba msimbo wao uko huru kwa wote ila hawapokei michango kutoka nje. Kwa vigezo vyako na vya hao wa kamati, hiyo haipiti hata mlango wa kwanza: hakuna mashirika mawili, hakuna uchaguzi, hakuna kamati ya uongozi. Lakini wameahidi kuitunza mpaka 2050, na msimbo wao wa majaribio ni mkubwa mara mamia kuliko programu yenyewe. Nani kati yenu ataniambia haijakomaa?

Ukomavu uko kwenye kazi. Hayo mengine ni makaratasi ya watu wanaopenda vikao.

Msoma Leseni

Mzee wangu, shikamoo, lakini SQLite unaichukulia juujuu. Waliuweka msimbo kwenye miliki ya umma, kwa hiyo hakuna anayeweza kugeuka kesho akasema leseni imebadilika kwa ulichonacho mkononi. Hilo ni jibu la swali la funguo, tena gumu kuliko la taasisi nyingi. Mfano wako unamsaidia mwanzisha mada.

Sasa twende kwenye karatasi ambazo unazidharau. Mradi wa NATS, programu ya kupitisha ujumbe kati ya mifumo, uliingia CNCF 2018, moja kwa moja ngazi ya malezi, na ukakaa hapo miaka saba. Karibu michango yote ilitoka kwa Synadia, kampuni iliyo nyuma ya mradi, na kampuni iliyoitangulia. Wao wenyewe walitaja asilimia 97. Aprili 2025 Synadia ikaandika kupitia mawakili: turudishieni jina la tovuti na hifadhi ya msimbo ya GitHub, tunaondoka, na seva tutaiweka kwenye leseni nyingine isiyo huria. Taasisi ikajibu kwamba mradi uliokabidhiwa haurudishwi. Kilichofanya mvutano uwe na meno ni kitu kidogo sana: usajili wa alama ya biashara haukuwa umehamishwa. Miaka yote saba! Ilipofika Mei mosi, pande mbili zikatangaza makubaliano: Synadia inaikabidhi alama hiyo kwa Linux Foundation, tovuti na msimbo vinabaki CNCF, leseni huria ya Apache 2.0 inaendelea.

Fikirieni. Ingekuwa alama ya biashara ni sharti la siku ya kwanza, barua ile ya mawakili isingekuwa na la kushika. Kwa hiyo nakubaliana na kigezo cha funguo, ila nakisogeza: kisiwe cha kuhitimu, kiwe cha kuingia.

Dada Seva

Naomba nilete upande ambao hamjaugusa, maana wote mnaongea kama watumiaji. Mimi natunza maktaba ndogo ya programu, tuko wawili, hatulipwi.

Mnapoandika sharti kwamba mradi uliokomaa lazima uwe na watunzaji kadhaa kutoka sehemu tofauti, mnajua linamfikiaje mtu kama mimi? Linanifikia kama shinikizo. "Mbona upo peke yako? Mbona humwongezi fulani, anajitolea vizuri?" Ndicho kilichotokea kwa xz, programu ya kubana mafaili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux. Mtunzaji mmoja aliyechoka, akaunti zisizojulikana zikamwandama 2022 kwamba anachelewesha mambo na aongeze mtu. Akaongeza mtu. Mtu yule alikuwa mpole, mchapakazi, anajibu barua kwa wakati. Mapema 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri ndani yake.

Na aliyegundua hakuwa kamati wala mkaguzi wa beji. Andres Freund, mhandisi wa programu, alikuwa anapima mambo mengine, akaona kuingia kwenye mashine ya mbali kwa ssh kunachelewa kwa kama nusu sekunde, akachimba. Nusu sekunde!

Kwa hiyo idadi ya majina kwenye faili si usalama. Ukiifanya idadi kuwa kigezo, utapata idadi.

Fundi Mtambo

Dada Seva, hapo umenigusa, na nakubali kwamba kuhesabu vichwa peke yake ni hatari. Lakini nirudi kwenye faili hilohilo. Majuzi tulikuwa tunachagua kati ya programu mbili za foleni ya ujumbe. Moja ilikuwa na beji zote juu ya ukurasa, rangi ya kijani tupu. Nikafungua faili la watunzaji: majina matano, anwani nne za barua pepe zinaishia na jina la kampuni moja. Ya tano ilikuwa ya binafsi. Nikafuata historia ya michango yake, mara ya mwisho kugusa msimbo ilikuwa zaidi ya mwaka nyuma. Kwenye karatasi, mashirika mawili. Kwa kweli, kampuni moja na mstaafu.

Sharti lilitimizwa siku ya kupiga kura, halafu likaachwa. Ndiyo maana nasisitiza kupima upya. Watu wa lugha ya Python waliliona hili vizuri zaidi: Guido van Rossum, mwanzilishi wake, alipojiuzulu uongozi Julai 2018, walikubaliana kuwa na baraza la watu watano linalochaguliwa, na wakaandika kwamba wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja. Kila baraza jipya likichaguliwa, hesabu inafanywa upya.

Mgeni Njoo

Mimi msomaji tu humu, naomba kuuliza. Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za programu, ilikuwa mradi wa Apache, taasisi yenye taratibu kuliko zote mlizotaja. Sasa lile tundu la usalama la Desemba 2021 lilikuwaje? Utawala ulikuwepo, na bado dunia nzima ilikesha ikirekebisha seva.

Msoma Leseni

Swali zuri, mgeni. Tundu lenyewe lilitokana na kipengele kilichoingizwa 2013, kinachoruhusu maandishi ya kawaida ya kumbukumbu kuagiza kitu kutoka seva ya mbali. Taratibu za Apache hazikukizuia, kweli, maana utawala haukagui kila mstari wa msimbo. Lakini tazama upande wa pili: taarifa ya siri iliwafikia mwisho wa Novemba, na toleo la kwanza la marekebisho likatoka kabla Desemba haijafika katikati, kisha mengine yakafuata mfululizo, kwa sababu la kwanza halikuziba kila kitu. Toleo la Apache linahitaji kura tatu za kuunga mkono kutoka kamati ya mradi. Walipatikana hao watatu, wakiwa watu wa kujitolea, tena zaidi ya mara moja ndani ya wiki chache. Hicho ndicho utawala unachoweza kukupa.

Linganisha na OpenSSL, msimbo wa kusimba mawasiliano ya mtandaoni, wakati wa tundu la Heartbleed, Aprili 2014: nusu ya intaneti inategemea msimbo unaoangaliwa na watu wanaohesabika kwa vidole, na michango ya fedha ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka.

Mzee Kaneli

Marahaba, mwanangu. Na hapo umefika ninapotaka. Fedha. Mnaandika vigezo kumi vya utawala, hakuna kimoja kinachouliza nani anayewalipa hao watu watatu wakeshe. Buoyant mnaisema vibaya, lakini baadaye mwaka huohuo walisema wamefikia faida, kwa hiyo watunzaji wa Linkerd wana mshahara. Dada Seva hana. Yupi mradi wake umekomaa?

Dada Seva

Mzee, wa Linkerd. Nasema bila kinyongo.

Ila mtumiaji ana haki ya kujua mapema kwamba mlo wake unategemea mpishi mmoja. Msiandike "umekomaa" pekee. Andikeni "una kampuni moja, inalipa vizuri, matoleo imara yanatoka kwao". Nitasoma, nitaamua. Ya kwangu andikeni "wawili, hawalipwi, hawana muda Jumatatu". Sitakasirika.

Lakini Fundi, nani atafanya huko kupima upya? Kamati ya ufundi ya CNCF ina watu kumi na mmoja, miradi imepita mia mbili. Mkiwatwika hilo kila mwaka, wataweka alama ya vema na kuendelea.

Fundi Mtambo

Mradi wenyewe ujaze. Ukurasa mmoja, maswali kama sita: alama ya biashara ni ya nani, jina la tovuti limelipiwa na nani, wenye ruhusa ya kuchapisha ni wangapi na waajiri wao ni akina nani, toleo la mwisho lilitoka lini, nani alilitoa, tundu la usalama la mwisho lilichukua siku ngapi kuzibwa. Uwekwe wazi. Asiyejaza kwa mwaka mzima anashuka ngazi bila kikao, na aliyedanganya akibainika anashuka pia. Wasomaji wenyewe watakagua. Freund hakuitwa na kamati.

Na kushuka kusiwe aibu. Apache OpenOffice, programu za kazi za ofisi, ilihitimu 2012. Kufikia Septemba 2016 mwenyekiti wa kamati yake mwenyewe alifungua mjadala wa kuufunga mradi, kwa sababu hapakuwa na watu wa kutosha kuziba matundu ya usalama. Hawakuufunga, sawa. Lakini kati ya "tuko vizuri" na "tunafunga" hapakuwa na ngazi ya kumwambia mtumiaji "kwa sasa tuna mikono michache", huku LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice ya awali 2010, ikiendelea kutoa matoleo.

Mzee Kaneli

Ukurasa mmoja nitausoma. Sita zitakuwa kumi na sita mwakani, nakuambia mapema.

Msoma Leseni

Mimi nataka la saba: je, anayechangia anatakiwa kuipa kampuni ruhusa ya kuutoa msimbo wake kwa leseni nyingine? Terraform, zana ya kuandaa seva kwa kutumia msimbo, waliweza kubadili leseni Agosti 2023 kwa sababu hiyo, na waliokataa wakalazimika kuanzisha OpenTofu, nakala yake iliyobaki huria. Swali hilo likikosekana, ukurasa wako una tundu.

Fundi Mtambo

Limeingia. Yawe saba. Mzee, usiseme neno.