Mrejesho: kodi ya duka langu katika komini (wilaya ya mji) ya Kenya, Lubumbashi, Kongo

Ndugu zangu, niliwauliza nifanye nini baada ya mwenye nyumba kutangaza kwamba mkataba ukiisha atapandisha kodi ya duka langu la vyombo kutoka dola 250 hadi 400 kwa mwezi, na kudai nyongeza ya garanti (pesa za dhamana anazoshika mwenye nyumba).

Aliyenishauri nisome sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, ambayo nchi yetu inaifuata tangu 2012, alinisaidia kuliko wote: mpangaji aliyefanya biashara mahali hapo kwa miaka 2 au zaidi ana haki ya kuomba mkataba wa muda maalumu ufanywe upya, mradi aombe angalau miezi 3 kabla haujaisha, na mwenye nyumba asipojibu hadi mwezi 1 kabla ya mwisho huhesabiwa kuwa amekubali. Nilipeleka barua nakala mbili, akasaini moja kwa kusitasita, tena kwa kalamu yangu. Sheria hiyo haipangi bei, kwa hiyo tulikaa chini ya mwembe wake mara mbili, tukakubaliana dola 300, garanti ikibaki ileile.

Nakiri kodi haikuwa mzigo pekee. Nalipa kwa dola lakini nauza kwa faranga, na umeme unapokatika jioni, wateja wanapotoka kazini, petroli ya jenereta hula faida ya sufuria tatu. Sasa nimemgawia fundi cherehani pembe ya mbele kwa dola 80, kwa idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Nafasi imebana, masufuria makubwa yananing'inia juu ya kichwa chake.